Kutosha mutoto mu kushe: bintu bya lazima, na bintu bya hatari



Leo hatutasema juu ya mushahara, wala juu ya kofia na viatu vya kazi. Tutasema juu ya po. Ndiyo, po ya mutoto mudogo. Najua kuna mwenzetu wa posti ya usiku atasoma hii na kucheka: sendika inatafuta nini mu po ya mutoto? Nitamujibu kwa hesabu.

Mutoto mwenye anavaa kushe za kununua, tuseme kushe 4 kwa siku, na hiyo ni kidogo. Mu mwezi ni 120. Mu miezi 6 zinapita 700. Sasa zidisha na bei ya duka ya karibu na nyumba yako. Wengi wetu hatununue paketi muzima, tunanunua moja-moja, na ile ya moja-moja njo bei ya juu zaidi. Weka jumla pembeni ya mushahara wako. Utaelewa juu ya nini mama analomba falanga ya kushe mbele siku ya kulipwa haijafika.

Kwa hiyo familia mingi inataka mutoto aache kushe mbio. Wengine ni sababu ya falanga. Wengine ni sababu mutoto anakaribia miaka 3, na ekole maternele inamutaka anajua kulomba pipi na kaka. Ni haki yao. Lakini mu ile mbio watu wananunua bintu bya bure, ao, na hii njo mubaya zaidi, wanaokota bintu bya hatari na kubiingiza mu nyumba.

Bankambo wetu hawakununua kushe. Mama alimuikalisha mutoto juu ya miguu yake, akamupigia mulio wa «sss», mutoto akakojoa. Kikwembe kilifuliwa, kikaanikwa, basi. Lakini mama wa zamani ile alikuwa na mutoto mugongoni siku nzima. Leo mama anauzisha ku soko, ao anaosha mawe ku mutoni, ao iko na kazi ku mine sawa mume wake. Mutoto anabaki na yaya yake wa miaka 10. Huyu yaya njo atafanya kazi ya po, kwa hiyo bintu bya kazi bikuwe rahisi, na bikuwe karibu na mukono wake.

Tuanze na wakati. Usiangalie mutoto wa jirani. Batoto wengi wanakuwa tayari kati ya miezi 18 na miaka 3, na kati pale kuko tofauti kubwa. Angalia wako: anabaki mukavu kwa saa 2 hivi? Anatembea, anaweza kuchuchumaa na kusimama peke yake? Anajificha nyuma ya mulango wakati anataka kunya? Anaelewa ukimwambia «leta kiatu»? Kama bado, ngoja mwezi mumoja na ujaribu tena. Kumulazimisha mutoto mwenye hayuko tayari ni kuongeza kufua nguo tu.

Sasa po yenyewe. Ile ya plastiki ya kawaida ya soko inatosha. Zile za rangi mingi zenye kuimba muziki, waachie wenye falanga ya kutupa. Angalia mambo mawili: chini ikuwe mupana, isianguke mutoto akigeuka, na miguu ya mutoto iguse chini vizuri, sababu miguu ikining'inia hawezi kusukuma. Basini kidogo yenye ukingo laini inaweza pia kufanya kazi. Kila mutoto na po yake. Mu lupango yenye familia tatu, usikubali po moja itembee ku milango yote.

Wengine wanauliza: musalani iko, juu ya nini po? Muangalie tundu ya musalani yetu, kisha muangalie ukubwa wa mutoto wa miaka 2. Mutoto anaogopa kuanguka mule, na woga wake ni wa kweli. Giza, inzi, mbao yenye kuoza. Musalani itakuja nyuma, kisha amekomea kidogo, na fundi wa mbao anaweza kumutengenezea kifuniko chenye tundu mudogo.

Hapa nafika ku jambo yenye ilinifanya nikamate kalamu. Mu makampi na mu cité zetu mutu anachukua bido ya ku mine, anaikata katikati na kisu, anafanya po ya mutoto. Ingine anaifanya ya kuchotea maji. Bido ile iko nguvu, iko ya bure, ao inauzishwa bei ya chini ku njia. Lakini mule kulikuwa nini? Bafundi wa isini wanajua: shaba na kobalti tunaziyeyusha na asidi sulfiriki, ku flotasio tunatumia zantati na reajanti ingine. Plastiki inakamata. Unaweza kuosha mara 10 na sabuni ya unga na harufu ikaisha, lakini kuisha kwa harufu si kuisha kwa sumu. Ngozi ya mutoto ni nyepesi kuliko ya mukono wako wenye umezoea piko na nyundo, na yeye anaikala mule uchi, kisha anatia mikono ndani, kisha anatia mikono mu kinywa. Kusema tena ukingo wa bido ya kukatwa, wenye unachana sawa wembe.

Kama falanga ya po inakosekana kabisa, tumia bido ya mafuta ya kula, ile yenye wewe mwenyewe ulimaliza mafuta yake mu chungu. Kata chini, funga ukingo na kitambaa kizito, na mushike mutoto. Bido yenye hujui ilibeba nini, hapana. Hata kama shemeji yako njo ameileta.

Na ndugu wa hatari ile ni chupa. Javeli, soda kostiki ao asidi mu chupa ya Fanta, pembeni ya po sababu ya kusafisha. Mutoto ametoka ku po, ana kiu, anaona chupa ya Fanta. Sina haja ya kumalizia. Javeli ibaki mu chupa yake, juu, kwenye mukono wa mutoto haufike. Na usiichanganye hata siku moja na asidi: moshi wake unaua mapafu.

Nguo. Mutoto anahitaji kilote 6 ao 8 za pamba, si mupya, za balo zinatosha, zenye lastiki nyepesi ya kushusha yeye mwenyewe. Salopeti yenye vifungo ku mabega ni nzuri ku picha, lakini siku za po iweke mu sanduku. Mutoto akisema «pipi», uko na sekunde chache tu. Kikwembe kizee kikatwe vipande: vya kupangusa mutoto, na vingine, vyenye rangi tofauti, vya kupangusa chini. Juu ya godoro, tia plastiki, kisha kikwembe juu yake.

Maji na sabuni ni bya lazima kuliko po yenyewe. Najua maji ni shida, kuna mitaa bomba inatoa siku mbili kwa juma, na bido ya kununua inauma mufuko. Weka basi maji ya mikono pembeni: bido kidogo ya lita 5 yenye tundu na kijiti cha kufunga, kipande cha sabuni kwa kamba. Mutoto ananawa, na mwenye alimwanga po ananawa. Sabuni ikikosekana, majivu ya makala yanasaidia.

Na mavi ya mutoto yanaenda wapi? Wengi wanasema mavi ya mutoto si mubaya, wanayamwanga mu mufereji ao nyuma ya muembe. Si kweli. Mavi ya mutoto yanabeba vijidudu vya kuharisha na mayai ya minyoo sawa ya mukubwa, mara nyingi kupita. Sisi wa Katanga tunaijua kolera. Watu wa Bukama na wa Kalemie hawahitaji kuelezewa. Po inamwangwa mu musalani, inasuuzwa na maji kidogo, na maji yale pia mu musalani, kisha po inawekwa ku jua. Po iko na faida ingine: unaona. Ukiona mutoto anatoa maji meupe sawa maji ya muchele, usingoje kesho, mupeleke ku senta ya afya sasa hivi, na mu njia umunyweshe maji yenye sukari na chumvi: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi.

Kuna kintu kingine chenye hakiandikwe ku paketi yoyote, na hicho ni chetu sisi ba mine: vumbi. Mwaka wa 2018 wachunguzi wa Université ya Lubumbashi na ya Leuven, mu Ubeljiji, walitangaza kazi yao ya ku Kasulo, kule Kolwezi, mutaa wenye watu walichimba kobalti mpaka chini ya nyumba. Walipima mikojo na damu. Watu wa mutaa ule walikuwa na kobalti mingi kupita watu wenye wanaishi mbali na machimbo, na batoto njo walikuwa na mingi zaidi. Mutoto mwenye anajifunza po anaikala chini matako wazi, anacheza na udongo, anakula na vidole. Basi po isiikale pale baba anavulia viatu vya kazi. Chini ipanguswe na kitambaa chenye maji mbele ya kumuikalisha. Fagio kavu inapandisha vumbi tu. Na nguo ya kazi usiichanganye mu basini moja na kilote za mutoto.

Baba, wewe mwenye umetoka ku posti ya asubuhi, saa nane uko nyumbani. Oga kwanza, kisha kamata zamu yako. Mutoto anakunya vizuri zaidi kisha kula, dakika 10 ao 20. Muikalishe dakika 5, umuambie hadithi, kama hakuna kintu musimamishe bila makelele. Usimupige. Mutoto wa kupigwa sababu ya kilote anajifunza kufunga tumbo. Mavi yanakauka, kunya kunamuuma, na anakimbia po kabisa. Hapo umupane papai, maembe, maji mingi, na upunguze bukari mukavu bila mboga. Wababa wengine wanaona haya kumwanga po mbele ya majirani. Mimi naona haya ingine: mutu mwenye anaendesha mashine ya tani 100 ku mine na po ya gramu 300 inamushinda.

Usiku ni habari ingine. Mutoto anaweza kuwa musafi muchana ku miaka 2 na nusu, na usiku akaendelea kulowanisha mpaka miaka 5, na hiyo si ugonjwa wala uchawi. Kushe moja ya usiku, kama unaweza, si aibu. Toka 4 kwa siku mpaka 1 tayari umeokoa falanga.

Kwa badelege: Code du travail ya 2002 inataka komite ya usalama na ya usafi mu kampuni. Mu mukutano wenye unakuja muulize mambo mawili, na majibu yaandikwe. La kwanza, bido na fiti za reajanti zikiisha, nani anazitoboa ao kuzivunja mbele hazijatoka ku mulango, na nani anatia sinye? La pili, dushi na kabati za kubadilisha nguo ziko ngapi kwa watu wangapi wa posti moja, na je, kampuni inafua nguo za kazi, ao tunazirudisha ku nyumba na vumbi yake? Bafanyakazi wa sutretansi pia wahesabiwe, sababu wao njo mara nyingi wanaenda ku nyumba na overoli.