Kifuko cha Kigwe na Kibeti cha Sarafu: Ushonaji Mdogo na Msamiati Wake

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aghalabu huweza kutaja vina, mizani na kibwagizo cha shairi bila kusita. Lakini akitakiwa aeleze jinsi kifuko cha kutia sarafu kinavyoshonwa, ulimi humwia mzito na maneno ya Kiingereza humjia kwanza. Upungufu huo haumo katika lugha. Kiswahili kina msamiati wa mshono uliokomaa, ambao umekuwa mikononi na vinywani mwa mafundi kwa karne nyingi. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kushona nyumbani vifuko viwili vidogo, yaani kifuko cha kigwe na kibeti cha sarafu. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba kila hatua ya kazi hiyo ina jina lake, na kwamba jina likipotea, sababu ya hatua yenyewe nayo hufifia.

Kutoka Fundo hadi Kifuko

Kabla ya kifuko kilichoshonwa palikuwapo nguo iliyokunjwa. Mwanamume aliyejifunga shuka alikunja sehemu ya nguo hiyo kiunoni akapata kibindo, na humo akafutika fedha zake. Ndiyo maana hadi leo anayejitwalia mali husemwa kwamba ameitia kibindoni, hata kama amevaa suti. Mwanamke naye alifunga sarafu katika ncha ya leso, na desturi hiyo haijakoma. Kibindo na fundo vina kasoro moja: nguo ikilegea, fedha hudondoka. Kifuko kilichoshonwa huondoa kasoro hiyo kwa kuipa fedha nyumba yake yenyewe.

Majina ya nyumba hiyo yanadhihirisha kazi ya ngeli. Mfuko ukiwa mkubwa kupita kiasi huitwa fuko, na ukiwa mdogo huitwa kifuko. Hali kadhalika, mkoba mdogo ni kikoba. Nchini Tanzania, vikundi vya kuweka na kukopa vijulikanavyo kama VICOBA vilipewa jina lililotokana na herufi za maneno ya Kiingereza yenye maana ya benki za jamii za vijijini. Hata hivyo, sikio la Mswahili husikia humo vikoba, yaani mikoba midogo ya akiba. Kibeti nacho ni kifuko cha fedha, hasa cha wanawake. Neno hilo lina homonimu yake, kwani hutumiwa pia kumrejelea mtu mfupi mno.

Huenda msomaji akauliza kama kibeti cha sarafu kingali na kazi baada ya huduma ya M-Pesa kuanzishwa mwaka wa 2007. Jibu limo mifukoni mwa abiria wa matatu. Mnamo Desemba 2018 Benki Kuu ya Kenya ilizindua sarafu mpya za shilingi 1, 5, 10 na 20 zenye picha za twiga, kifaru, simba na ndovu, nazo zingali zinadai mahali pa kukaa. Fauka ya hayo, tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kifuko cha nguo kimepata kazi nyingine nyingi, kuanzia kuhifadhi viungo vikavu hadi kutia sabuni ya safari.

Vifaa na Nguo

Mshonaji wa nyumbani anaweza kufanya kazi hii bila cherehani. Anahitaji sindano nyembamba, uzi, mkasi mkali, chaki, rula, pini, pasi na kastabini. Kastabini, ambayo pia huitwa subana, ni kifuniko kidogo kinachovikwa kidoleni ili sindano isimchome mshonaji anapoisukuma.

Nguo ifaayo ni ya pamba iliyofumwa kwa kushikana. Leso kuukuu na mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi hufaa sana. Nguo mpya sharti ifuliwe, ikaushwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, kwa kuwa pamba hupungua inapofuliwa mara ya kwanza. Vilevile inafaa kutambua mtande na mshindio. Mtande ni nyuzi zinazotangulia kutandikwa katika kitanda cha mfumi, na mshindio ni zile zinazopishwa kati yake. Nguo huvutika kidogo zaidi upande wa mtande. Kwa hivyo urefu wa kifuko hufuatishwa na mtande ili uzito wa vilivyomo usikirefushe.

Kushona Kifuko cha Kigwe

Kigwe ni kamba nyembamba iliyosukwa. Neno hilo pia hutaja hatamu za mnyama, na maana zote mbili zinakutana katika kazi ya kuvuta na kuzuia. Kwa kifuko chenye upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 19, hukatwa kipande kimoja cha nguo chenye upana wa sentimita 18 na urefu wa sentimita 45. Kila ubavu umeachiwa sentimita 1.5 za mshono, na kila ncha imeachiwa sentimita 3.5 za upindo.

Kipande hukunjwa katikati, nje ikitazamana na nje, hivi kwamba mkunjo unakuwa kitako cha kifuko. Mbavu hushikizwa kwanza kwa bandi. Bandi ni mshono wa muda wenye hatua ndefu, na kazi yake ni kuzuia nguo isiteleze. Baada ya hapo hufuata mshono wa kudumu. Sindano husonga mbele hatua moja chini ya nguo, kisha hurudi nyuma nusu yake juu ya nguo, na uzi hujifunga wenyewe kila mara. Hatua za milimita 3 zinatosha. Mshono wa kudumu ukikamilika, bandi hufumuliwa.

Hapa ndipo penye siri ya kifuko chote. Mshono wa ubavu huanza kwenye mkunjo wa chini na kukoma sentimita 6 kabla ya ukingo wa juu, kila upande. Kingo za sehemu hiyo iliyoachwa wazi hukunjwa ndani na kushonewa ili zisichanike. Kisha ukingo wa juu wa kila uso wa kifuko hukunjwa sentimita 1, ukakunjwa tena sentimita 2.5, na kushonwa kufuata mstari wa chini wa mkunjo huo. Kinachopatikana ni nefa, yaani upindo mpana ulio wazi ncha zake mbili ili kamba ipite, mfano wa ule wa kiunoni mwa suruali ya kamba.

Kifuko hupinduliwa, nje ikarudi nje. Hutayarishwa vigwe viwili vya sentimita 55 kila kimoja. Kigwe cha kwanza hufungwa kwenye pini, kikaingizwa upande wa kulia, kikapita nefa zote mbili na kutokea kulia kule kule. Cha pili huingia na kutokea kushoto. Ncha za kila kigwe hupigwa fundo. Vikivutwa pamoja, kimoja huku na kimoja kule, mdomo hujikusanya marinda na kufumba sawasawa. Kigwe kimoja pekee pia hufunga, ila huvuta mdomo upande mmoja, na marinda huwa mengi huku na machache kule.

Kushona Kibeti cha Sarafu

Sarafu ni nzito na zina kingo ngumu zinazosugua nguo kwa ndani. Kwa sababu hiyo kibeti huhitaji bitana, yaani nguo ya ndani inayoshonwa sambamba na ile ya nje. Bitana huficha kingo zilizokatwa, hivi kwamba sarafu hazing'oi nyuzi. Kwa kibeti cha upana wa sentimita 12, hukatwa vipande viwili vya nje na viwili vya bitana, vyote vikiwa na upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 12. Huhitajika pia zipu ya sentimita 15.

Zipu huwekwa juu ya kipande cha nje, uso wake ukitazamana na uso wa nguo. Bitana hulazwa juu yake, uso ukitazama chini. Tabaka hizo tatu hushonwa pamoja kwenye ukingo mmoja wa zipu. Kazi hiyo hurudiwa kwenye ukingo wa pili kwa vipande vilivyosalia. Kisha vipande vya nje hukutanishwa upande mmoja wa zipu, na vya bitana upande mwingine, tayari kushonwa kuzunguka pande zote.

Kabla ya mzunguko huo kuna mambo mawili yasiyosahaulika. La kwanza, zipu ifunguliwe hadi nusu. La pili, kitako cha bitana kiachwe wazi kwa sentimita 6. Kibeti chote hupinduliwa kupitia hapo, na zipu iliyofungwa humfungia mshonaji njia. Pembe hupunguzwa kwa mkasi pasipo kuugusa mshono, ili zitokeze vizuri baada ya kupinduliwa. Kitako cha nje hushonwa mara mbili kwa kuwa uzito wote wa sarafu hukaa hapo. Mwishowe nafasi iliyoachwa katika bitana hushonwa kwa mkono, nayo bitana husukumwa ndani.

Neno na Hatua

Mshonaji mgeni ambaye neno lake pekee ni kushona huweza kuiacha bandi ikawa ndiyo mshono wa mwisho, na kifuko kikamfumka sokoni. Anayejua tofauti ya kushikiza na kushona hatakosa kurudia. Vivyo hivyo, anayejua upindo tu hushona mdomo wote, kisha akatafuta pa kupitishia kigwe asipaone. Nefa ni upindo pia, ila ndani ya maana yake umo uwazi wa ncha mbili. Neno limebeba maelekezo.

Sarufi nayo haikosi mahali katika kazi hii. Kauli ya kutendua, ambayo wanafunzi huikariri kwa mifano ya ziba na zibua, imo mikononi mwa mshonaji wakati wote: hufuma na kufumua, hushona na kushonoa, hukunja na kukunjua, hufunga na kufungua. Kifuko cha kigwe chenyewe kina thamani kwa sababu kinachofungwa humo sharti kiweze kufunguliwa.

Hitimisho

Katika shule za Kenya ushonaji hufunzwa kwa Kiingereza, ilhali mafundi wengi wa mijini na pwani hufanya kazi na kupatana bei kwa Kiswahili. Nchini Tanzania, ambako shule nyingi za msingi hufundisha kwa Kiswahili, kazi za mikono zimekuwa na vitabu vya Kiswahili. Pengo la Kenya haliwezi kuzibwa na kamusi pekee, kwani nefa, kastabini na bandi zimekaa kamusini miaka mingi na bado wanafunzi hawazitumii. Yafaa mwanafunzi wa Kiswahili aketi karibu na fundi, aandike maneno anayoyasikia pamoja na kazi ya kila neno, kisha aandike maelekezo ambayo mtu mwingine anaweza kuyafuata na kupata kifuko. Kifuko hicho kikifunga na kufunguka, maelekezo yatakuwa yamefaulu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibeti vilevile.