Asumini Inapopiga Manjano

Swali linalonifikia mara nyingi kutoka Likoni na Kisauni ni hili: iksora au asumini inamwagiliwa kila siku, mbona majani ni manjano? Kabla ya kukimbilia mbolea, litazame jani. Kama ni lile changa la kileleni, na mishipa yake imebaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma. Manjano yakianzia majani makongwe ya chini, aghalabu nitrojeni imepungua, na samadi iliyooza itatosha.

Chuma chenyewe mara nyingi kimo udongoni. Ila ardhi yetu ya karibu na bahari imekalia mwamba wa matumbawe, yaani chokaa, na chokaa hukifunga chuma mizizi isiweze kukifyonza. Wanaotia majivu ya jikoni wanazidisha maradhi.

Dawa ni mboji. Ushahidi uko Bamburi, ambako mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji, juu ya jiwe tupu. Mivinje ilistahimili, lakini majani yake makavu yalilala chini bila kuoza mpaka majongoo walipoletwa kuyatafuna. Hapo ndipo udongo ulipoanza kupatikana.

Asiye na subira hiyo apande kwenye chombo. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha asumini. Changanya udongo mwekundu, mboji na mchanga wa mto. Mchanga wa ufuoni una chumvi na vipande vya kombe, hivyo uache hukohuko. Ukiona ukoko mweupe ukingoni mwa ndoo, hiyo ni chumvi ya maji ya kisima. Mwagilia kwa wingi hadi maji yatiririke chini, ndipo itoke.

Bogenvilia haihitaji haya yote. Iweke juani, hata penye mawe. Ukiidekeza kwa maji itakupa majani matupu.

Lakini kama una nafasi ya mti mmoja tu, mimi nasema mkilua. Ni wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, hupenda kivuli chepesi, na jenasi yake, iliyotambulishwa na Bernard Verdcourt mwaka 1970, ina spishi hiyo moja tu. Ua lake halina sura ya kujivunia, ila kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, bila vilua hakijakamilika.

Pandeni masika yanapoanza, na mkinge maji ya bati: hayo hayana chumvi wala chokaa.