Ndege ya Kwenye Gunia la Unga

Sogeeni, wanangu. Ndege ikipita juu ya ziwa huku tukianika ndagala hapa Kizuka, nyote mnainua macho. Halafu mnauliza: "Mjomba, mle ndani mna nani?" Swali zuri hilo! Wakubwa wengi hutazama mabawa tu.

Ng'ambo ya ziwa, kule Kongo, palikuwa na mchoraji mwenye swali kama lenu. Jina lake Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa mwaka 1947 Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi.

"Alichora juu ya nini, Mjomba?"

Juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Ndiyo, magunia ya unga!

Mwaka 1973 na 1974 alichora picha kama 100 za historia ya nchi yake. Akamweleza mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Johannes Fabian, picha moja baada ya nyingine. Kwa lugha gani? Kwa Kiswahili, wanangu!

Ndani ya historia hiyo imo ndege. Hebu tuisikilize.

"Mimi ni ndege ya rangi. Tarehe 17 Januari 1961 nilitua Luano, uwanja wa ndege wa Elisabethville. Nilileta watu watatu waliofungwa: Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Lumumba ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Msinitazame mimi. Watazameni wao."

"Kwa nini, Mjomba, na ndege ni kubwa?"

Umeuliza vyema. Ndege ni kama chungu jikoni. Chungu hakikwambii nani alilala njaa. Watazame waliokizunguka, utajua. Tshibumba alitaka tujue nani kafungwa, nani kashika bunduki, nani kasimama anatazama tu. Ndege ile ilipotua, yeye mwenyewe alikuwa mtoto, hajafikisha hata miaka 15.

"Halafu wale watatu wakafanywa nini?"

Waliuawa usiku uleule. Siwafichi, wanangu, maana hata Tshibumba hakuficha. Ndiyo sababu nampenda mchoraji huyu kuliko wengi wenye rangi za bei ghali.

Tangu miaka ya 1980 hajulikani aliko. Picha zake alizomweleza Fabian zimehifadhiwa Amsterdam, Uholanzi.

Basi kesho mwombeni mama gunia tupu la unga. Ndege ikipita, anzeni kuchora watu. Mabawa yatafuata.