Rukwa: Ziwa Lisilo na Pwani ya Kudumu

Mvua inyeshayo juu ya nyanda za Tunduma, Mbozi na Ileje ina safari tatu mbele yake. Ile iangukayo upande wa Zambia, kusini-magharibi ya Nakonde, huingia katika vijito vinavyoulisha mto Chambeshi, na kwa njia ya ziwa Bangweulu na mto Kongo huishia katika bahari ya Atlantiki. Ile iangukayo katika milima ya Ileje hufuata mto Songwe wa mpakani, unaotutenga na Malawi, ikaingia Ziwa Nyasa, ikapita Shire na Zambezi hata kufika Bahari ya Hindi. Na ile ya tatu, ambayo ndiyo madhumuni ya makala haya, huteremka kaskazini kwa mto Momba na kwa Songwe mwingine, usiohusiana na ule wa mpakani ila kwa jina, hadi katika bonde la Rukwa, na huko safari hukoma, kwa kuwa Ziwa Rukwa halina mto hata mmoja utokao ndani yake, wala maji yake hayana njia ya kuliaga bonde isipokuwa kupaa hewani kwa nguvu ya jua.

Katika jambo hilo moja hutokea mengine yote ampasayo kujua mtu atakaye kwenda Rukwa kuvua au kupumzika. Bonde lenyewe ni sehemu ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, lililo takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, na sakafu yake ni bapa mno, hata maji yakalala juu yake kama uji uliomiminwa katika sinia: ukizidi kidogo hutanda mbali, na ukipungua kidogo huacha mahali pakubwa patupu. Mwaka 1929 ziwa hili lilikuwa na urefu wa kilomita 48 hivi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1939, urefu ulikwisha kufika kilomita 128 na upana kilomita 40. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyeliona mwaka 1880, alilipa jina la Leopold, mfalme wa Wabelgiji, jina ambalo halikudumu; na msomaji wa leo anayezitazama ramani za zamani asishangae kuona kila mchoraji ameuchora ukingo mahali pengine, maana aghalabu kila mmoja wao alisema kweli kwa siku yake.

Watu wa Tunduma, ambao mji wao umelelewa na mpaka, hawalifikirii sana ziwa hili. Siku zao hupita baina ya foleni ya malori yaendayo Zambia na Kongo, reli ya TAZARA, soko, na kile kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa mwaka 2019 na marais wa nchi mbili. Na mwenye nafasi ya kuondoka na aila yake kwa siku mbili tatu atakwenda Matema katika Ziwa Nyasa, au atashika lami ya Sumbawanga kisha ateremke hadi Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika. Sina neno juu ya Matema, kwa kuwa mchanga wake ni mzuri na milima ya Livingstone iliyosimama nyuma yake haina mfano. Walakini mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, una ziwa lake wenyewe, na wilaya zake mbili, Momba na Songwe, zinaligusa. Na nionavyo mimi si haki kulisahau kwa sababu tu halina mchanga mweupe wala vitanda vya kuotea jua.

Njia ya kawaida huanza Mlowo, katika barabara kuu, na kuelekea Kamsamba. Hapo juu, kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi, asubuhi za Juni na Julai hutaka sweta. Lakini kadiri barabara inavyoteremka ndivyo hewa inavyobadilika, hata ufikapo chini umekwisha kuvua sweta, na pengine umeanza kuuliza maji ya kunywa. Huku ni nchi ya mpunga na ufuta, nchi ya Wawanda na ya wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao, na Kamsamba yenyewe ni mji mdogo ulio kando ya mto Momba, mto uletao maji kutoka Zambia, ambako huitwa Saisi. Mtu aliyezoea miji ya maziwa mengine atauliza kwa nini mji huu umejengwa mtoni na si ziwani. Jibu ni lile lile: ni nani mwenye akili zake atakayejenga nyumba ya matofali penye ukingo ambao mwakani huenda ukawa nyuma ya nyumba, au ukawa umekimbia hata usionekane? Ziwani ziko kambi za wavuvi, za miti na nyasi, ambazo huhamishwa maji yahamapo.

Kabla ya kufika majini, yafaa kusimama kidogo Ivuna, penye chemchemi za maji ya moto na ya chumvi. Watu walikuwa wakichemsha maji hayo ili kupata chumvi zaidi ya miaka 500 iliyopita, kama walivyothibitisha wanaakiolojia waliochimba hapo katika miaka ya 1960. Na usiku, ukiwa umelala chini ya nyota za uwandani, kumbuka kwamba tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka hapa kimondo kidogo, ambacho vipande vyake vilivyookotwa havikufika hata kilo moja, lakini ambacho wanazuoni wanakithamini kuliko kile kikubwa cha Ndolezi huko Mbozi chenye tani zipatazo 16. Kwani jiwe la Ivuna ni katika mawe machache yaliyohifadhi maumbile ya mfumo wa jua tangu azali, na kundi zima la vimondo vya jinsi hiyo limepewa jina la kijiji hiki. Wajapani walipoleta duniani mwaka 2020 mchanga wa sayari ndogo ya Ryugu, wakaupima, walikuta unafanana na jiwe la Ivuna. Kijijini penyewe hakuna kibao kinacholingana na heshima hiyo, jambo ambalo halmashauri ingeweza kulitengeneza kwa gharama ndogo.

Sasa twende ziwani. Asiyeelezwa mapema hutaabika hapo, maana hutafuta ukingo na ukingo haupo. Nyasi zinapungua, ardhi inakuwa tope, tope linakuwa maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu, kisha ya magotini, na mwendo mrefu baadaye ungali waweza kuona sakafu au kuigusa kwa upondo. Ndiyo sababu mitumbwi ya huku husukumwa kwa upondo karibu na nchi kavu, na kafi hutumika baadaye. Maji yana rangi ya udongo na ladha ya magadi, kwa sababu kila mto uingiao huleta chumvi zake, na jua huchukua maji na kuziacha chumvi nyuma. Wapo samaki walioizoea hali hiyo, na wakuu wao, kwa mvuvi wa kawaida na kwa mgeni mwenye mshipi, ni wawili: magege na kambare.

Magege wa Rukwa ni wa aina yake, na asili yake ni bonde hili. Dume huchimba kiota sakafuni, penye maji machache, akakilinda. Jike hutaga humo, kisha huyakusanya mayai kinywani mwake na kuyalea humo hata yaanguliwe, na vitoto vikitishwa hurudi kinywani mwa mama kama mtu akimbiliaye nyumbani. Msomaji akishafahamu hayo hahitaji kuhubiriwa sana juu ya ubaya wa kokoro: wavu unaoburuzwa sakafuni huharibu viota, na hukamata majike ambao kila mmoja ana kizazi kizima mdomoni. Kwa mshipi magege hapatikani kwa pupa, kwa kuwa chakula chake ni mwani na vijimea vidogo. Hujaribiwa kwa ndoana ndogo na tonge dogo la ugali uliokandwa ukakaza, na mvuvi sharti azoee kuhisi kidoleni mguso hafifu ambao mgeni huudhania kuwa ni wimbi.

Kambare ni mtu mwingine. Yeye hali kwa adabu. Chambo chake ni nyungunyungu, au utumbo wa samaki, na kadiri kinavyonuka ndivyo anavyokipenda. Ndoana iwe kubwa, chubwi kiwe kizito cha kutosha kuishusha chini kabisa, na mshipi ufungwe mahali imara, usishikwe kwa ncha za vidole na mtu anayesinzia. Akinaswa huvuta kwa uzito, moja kwa moja, akitafuta magugu. Hatari huja anapokwisha kuingia mtumbwini: hana magamba, ana utelezi, na mapezi yake mawili ya kifuani yana miiba migumu ambayo huisimamisha mara moja anaposhikwa. Wavuvi humkandamiza kwanza kwa gubi la kafi, kisha kiganja huingia nyuma ya kichwa, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, nyuma ya miiba ile, ndipo ndoana hutolewa. Wala mtu asidhani amekufa kwa sababu ametulia. Kambare ana kiungo cha kuvutia hewa, na saa nyingi baada ya kutolewa majini, kwenye kikapu chenye majani mabichi, aweza kuruka akawafanya watu wazima wasimame juu ya mabenchi.

Ajabu ya mambo ni kwamba wakati umfaao kambare, yaani magharibi na usiku, ndio umfaao mamba. Rukwa ni mashuhuri kwa mamba na viboko, na hapa sitatumia maneno ya kupamba: asiogelee mtu, asisimame majini akitupa mshipi, wala asioshe vyombo ukingoni kiza kikiingia, hata akiona watoto wa kambini wakifanya hivyo. Uvuvi wa mgeni uwe wa mtumbwini, mchana, pamoja na mwenyeji ajuaye mahali viboko wanapolala. Pia arudi mapema upepo uanzapo, kwa sababu ziwa la kina kifupi huchafuka kwa haraka kuliko lenye kina, na mawimbi yake ni mafupi, ya kugongana, yajazayo mtumbwi.

Asiyependa kuvua hatapoteza siku yake. Mwari huelea makundi kwa makundi, korongo wa aina nyingi husimama topeni, na mara nyingine heroe huonekana wakiutia wekundu upeo wa maji. Wanyama wakubwa wamepungua sana upande wetu, mahali pao pamechukuliwa na ng'ombe na mashamba, lakini ng'ambo ya magharibi liko Pori la Akiba la Uwanda, na bonde hili ni miongoni mwa makao machache ya sheshe hapa nchini. Hapa ndipo Vesey-FitzGerald, mtaalamu aliyekuwa katika shirika la kupambana na nzige wekundu lenye makao yake Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, alipotazama jinsi wanyama wanavyopokezana malisho: tembo na nyati hutangulia kuyakanyaga majani marefu, ndipo nyamera na sheshe wakapata machipukizi mafupi, na akayaandika hayo mwaka 1960. Na shirika hilo lilikuwako kwa nini? Kwa sababu ziwa linaporudi nyuma huacha mbuga kubwa za nyasi na udongo wa mpasuko, na mbuga za namna hiyo ndizo malezi ya nzige wekundu, ambao baina ya mwaka 1930 na 1944 walienea wakala mazao katika nchi nyingi za kusini na mashariki mwa Afrika. Maafisa hao walifika Rukwa kuua wadudu, na mmoja wao akatufundisha habari za nyati.

Zipo sauti zinazotaka hoteli ijengwe ziwani ili watalii wa Songwe wasiende mikoa mingine. Nazikubali nusu. Barabara njema itawafaa wote, mkulima wa mpunga kabla ya mtalii, na daraja lililojengwa juu ya mto Momba limekwisha kuonyesha faida yake kwa wasafiri wa Rukwa na Songwe. Lakini zege penye ukingo wa Rukwa ni fedha iliyotupwa, na wanakijiji, ambao hawakusomea uhandisi, wanalijua hilo kwa macho yao. Lifaalo ni mahema, vibanda vya kuhamishika, vyoo safi, na maji ya kunywa yaletwayo kutoka juu. Na msimu uwe kuanzia Juni hadi Oktoba, kwa kuwa kuanzia Desemba udongo mweusi wa uwandani hushika magurudumu hata gari la magurudumu manne likalala njiani.

Atakayekwenda na aanzie kwa afisa uvuvi wa halmashauri, Momba au Songwe, aulize leseni na aulize kama ziwa liko wazi, maana Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haimtofautishi mwenye ndoana moja ya starehe na mwenye nyavu ishirini katika wajibu wa kuomba ruhusa. Akifika mwaloni amsalimu mwenyekiti wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, na huyo ndiye atakayemwonyesha mwenye mtumbwi mzima na asiyelewa. Bei ya siku ipatanwe kabla ya kupanda, pamoja na suala moja ambalo wageni hulisahau na ambalo limeleta maneno makali zaidi ya mara moja: samaki watakaonaswa ni wa nani. Desturi niliyoiona ikileta amani ni kwamba mgeni huchukua wa kitoweo chake cha jioni, na waliobaki huwa wa mwenye mtumbwi, ambaye kesho yake huwabanika kwa moshi na kuwapandisha Mlowo juu ya pikipiki.