Ghala la Nyimbo Nyumbani: Namna ya Kuchagua Seva ya Muziki kwa Gharama Ndogo

Viongozi wa vikundi, hakikisheni kila mtu amekaa anaposikia vizuri. Wenye daftari na kalamu wawe tayari, maana leo tutapiga hesabu.

Katika somo lililopita tulieleza namna ya kutoa sauti katika kaseti na kuitia katika kompyuta. Leo twauliza: nyimbo hizo zikae wapi, ili watu wote wa nyumbani wazisikie, na kwa gharama gani?

Tuchukue mfano. Tuseme mzee mmoja wa Nyandira ana kaseti 100. Humo mna Salum Abdallah na Cuban Marimba. Mna Mbaraka Mwinshehe, aliyevuma na Morogoro Jazz kisha Super Volcano, akafariki kwa ajali ya gari mwaka 1979. Tena mna ngoma za harusi za Kiluguru, na sauti ya marehemu mama yake akisimulia hadithi. Nyimbo za Mbaraka zaweza kupatikana kwa watu wengine. Sauti ya mama haipo kwa mtu mwingine yeyote. Na ukungu wa milima yetu hauna huruma: kaseti iliyokaa penye unyevu huota kuvu. Mzee ameuza kabichi zake, ana fedha kidogo, na dukani mjini Morogoro anaonyeshwa vyombo vingi. Achague kipi?

Kwanza tujue seva ni nini. Seva ya muziki ni kompyuta inayotunza nyimbo mahali pamoja na kuzigawa kwa vyombo vingine vya nyumbani. Ni kama ghala lenye mtunzaji: kijana huomba wimbo kwa simu yake, bibi huomba wake kwa spika ya chumbani, na kila mmoja hupewa alichotaka. Nyimbo husafiri kwa mawimbi ya Wi-Fi ndani ya nyumba tu. Sikilizeni vizuri hapa, maana wengi hukosea: kusikiliza hivyo hakuli bando la intaneti. Ruta ndogo yatosha, hata kama haijaunganishwa na intaneti.

Sasa tupige hesabu tatu kabla ya kutoa fedha.

Hesabu ya kwanza ni nafasi. Dakika moja ya sauti isiyobanwa, kwa kipimo cha sidii, huchukua megabaiti 10 na nusu hivi. Kwa hiyo kaseti ya dakika 60 ni kama megabaiti 635, na kaseti 100 ni kama gigabaiti 64. Uko mtindo uitwao FLAC, ambao hubana faili, mara nyingi karibu nusu, bila kupoteza chochote cha sauti. Mtindo wa MP3 hubana zaidi, lakini hutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi. Kwa sauti ya mama yake, mzee atumie FLAC. Diski ya gigabaiti 500 yamtosha na kubaki. Muuza duka akimsifia diski kubwa mara nane, amshukuru tu.

Hesabu ya pili ni umeme. Zidisha wati kwa saa, kisha gawa kwa 1,000, utapata uniti. Kompyuta ya zamani ya mezani inayokula wati 60, ikiwaka usiku na mchana kwa siku 30, hula uniti 43.2. Laptopu ya wati 15 hula uniti 10.8. Kompyuta ndogo ya kiganjani kama Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, ikila wati 5 humaliza uniti 3.6. Kumbukeni kwamba TANESCO huwauzia kwa bei nafuu watumiaji wadogo wa majumbani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Kompyuta ya mezani uliyopewa bure yaweza kukutoa katika daraja hilo. Rahisi huvunja upishi.

Je, mzee achukue ile ndogo? Ni nzuri, lakini huhitaji memori kadi, adapta na kasha, na umeme ukikatika ghafla kadi yaweza kuharibika. Laptopu iliyotumika ina betri yake. Kwa mahali ambapo umeme hukatika, sisi twashauri laptopu iliyotumika, ambayo betri yake bado inashika chaji. Ajaribu kabla ya kulipa: achomoe waya, aangalie itakaa muda gani. Akiiwasha saa 5 tu kwa siku, itakula uniti 2.25 kwa mwezi.

Programu asinunue. Zipo za bure, kama Lyrion Music Server. Historia yake ina funzo. Ilitengenezwa na Slim Devices, kampuni iliyonunuliwa na Logitech mwaka 2006. Mwaka 2012 Logitech iliacha kutengeneza vyombo vya kuchezea nyimbo hizo, lakini programu ilikuwa wazi kwa wote, na watu wa kujitolea wakaiendeleza. Kwa hiyo chagua programu inayoacha nyimbo zako kuwa faili za kawaida, ili kampuni ikifunga mlango, mali ibaki kwako.

Hesabu ya tatu ndiyo kubwa: nakala. Kila diski hufa siku moja. Fedha iliyookolewa inunue diski ya pili, nayo ikae nyumba nyingine, tuseme kwa mjomba Langali. Kila mwezi iletwe, iongezwe yaliyo mapya, irudishwe. Kila faili iandikwe jina la mwimbaji, mahali na mwaka, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kaseti zenyewe zisitupwe.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kaseti 40 za dakika 60 zahitaji gigabaiti ngapi kabla ya kubanwa?
2. Chombo cha wati 20 kikiwaka saa 6 kwa siku, hula uniti ngapi kwa siku 30?
3. Ni sauti zipi kijijini kwenu ambazo hazina nakala, na nani anazo?

Swali la tatu msilijibu kwa haraka. Kwaherini.