Nani Huketi Mbele ya Mfungwa? Taaluma za Wajumbe wa Bodi ya Parole na Dhamiri ya Mkristo

Hakimu anapotamka kifungo, wengi wetu hudhani kwamba shauri limekwisha. Kumbe kwa wafungwa wengi kuna siku nyingine ya kusikilizwa, pengine baada ya miaka 15 au 20, wanapofika mbele ya bodi ya parole. Bodi hiyo haiulizi tena kama mtu alitenda kosa, kwa kuwa mahakama imekwisha kujibu. Huuliza kama mtu huyo anaweza sasa kuishi kati ya watu bila kuwadhuru. Akikubaliwa, hutoka akiwa bado anatumikia adhabu yake, chini ya masharti na uangalizi, na akiyavunja hurudishwa gerezani.

Kwa kuwa swali ni zito hivyo, yafaa tujue wanaolijibu ni watu gani na wametoka katika kazi zipi. Tuchukue mfano wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kwa sababu historia yake ya karibuni inatufundisha mengi.

Bodi ya jimbo hilo ina wajumbe 7. Huteuliwa na gavana kwa kipindi cha miaka 5, na uteuzi wao hauna nguvu mpaka uridhiwe na Baraza la Gavana, ambalo wajumbe wake 8 huchaguliwa na wananchi. Sheria yadai kwamba mjumbe awe na shahada ya chuo kikuu na uzoefu wa miaka isiyopungua 5 katika fani zilizotajwa: parole yenyewe, uangalizi wa wahalifu walio nje ya gereza, magereza, sheria, ulinzi wa sheria kama upolisi, saikolojia, tiba ya magonjwa ya akili, sosholojia, au ustawi wa jamii. Jimbo la New York lina orodha inayokaribiana na hiyo, nalo limeongeza udaktari.

Fani hizo ni nyingi kwa sababu. Aliyekuwa mwendesha mashtaka hulisoma jalada akitafuta ukweli wa kosa na kilio cha aliyedhulumiwa. Aliyekuwa askari magereza hutazama mwenendo wa mfungwa siku ambazo hakuna aliyemtazama. Mwanasaikolojia huchunguza kama toba inayosemwa kwa midomo imegusa mizizi ya tabia. Mtu wa ustawi wa jamii huuliza mambo ya kawaida sana: atalala wapi usiku wa kwanza, nani atampokea, atakula kwa kazi gani? Kila mmoja huona upande mmoja wa mtu yule yule. Bodi yenye watu wa fani moja tu ni kama mtu anayetazama kwa jicho moja. Huona, lakini hakadirii vema umbali.

Hatari ya kukosea ilidhihirika tarehe 26 Desemba 2010, Sikukuu ya Mtakatifu Stefano Shahidi. Katika mji wa Woburn, polisi John Maguire aliuawa kwa risasi alipokuwa akikabiliana na wizi wa kutumia silaha. Aliyempiga risasi, ambaye naye alikufa papo hapo, alikuwa mfungwa wa maisha aliyekuwa nje kwa parole. Hasira ya wananchi ilikuwa kubwa, na haki yao kukasirika. Mwezi uliofuata wajumbe 5 wa bodi walijiuzulu. Uenyekiti ukapewa mtu aliyekuwa mwendesha mashtaka kwa miaka mingi, na idadi ya wafungwa wa maisha waliokubaliwa ikashuka sana. Mwaka 2012 sheria mpya ikaamuru kwamba mfungwa wa maisha asiachiwe pasipo kura za theluthi mbili za wajumbe.

Lakini mwaka 2013 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua kwamba aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18 asihukumiwe kifungo cha maisha kisicho na nafasi ya parole. Mwezi Januari 2024 ikapanua ulinzi huo kwa waliokuwa na umri wa miaka 18 hadi 20. Msingi wa hukumu hizo ulikuwa elimu juu ya ukuaji wa akili ya kijana. Basi mbele ya bodi walianza kufika watu wazima walioua wakiwa watoto, na ujuzi wa saikolojia ukawa wa lazima zaidi. Aliyeshika uenyekiti baada ya mwendesha mashtaka yule alikuwa mwanasaikolojia.

Kanisa linatufundisha nini hapa? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2266, yaeleza kwamba adhabu hurekebisha vurugu iliyoletwa na kosa, hulinda usalama wa watu, na kadiri iwezekanavyo humponya mkosaji. Malengo hayo hayafutani. Anayedai ulinzi wa raia peke yake amesahau uponyaji. Anayezungumzia huruma peke yake amemsahau mjane wa aliyeuawa. Kwa hiyo ni vema kwamba huko Massachusetts familia za waliouawa wana haki ya kuzungumza mbele ya bodi. Nasi tunaona kwamba mchanganyiko wa taaluma ni njia ya kibinadamu ya kuyashika malengo yote kwa pamoja.

Jambo hili halituhusu kwa mbali tu. Tanzania ilitunga Sheria ya Bodi za Parole mwaka 1994, na wapo ndugu zetu wanaotoka magerezani kabla ya kumaliza vifungo vyao. Tarehe 26 Desemba 2024, Baba Mtakatifu Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu katika gereza la Rebibbia, Roma, akitukumbusha kwamba tumaini la Jubilei ni la wafungwa pia.

Bodi yaweza kuwa na wanasheria, madaktari na wanasaikolojia hodari, lakini hakuna mjumbe awezaye kujibu kwa niaba yetu swali lile la mwisho: nani atampokea? Jibu hilo liko mikononi mwa familia, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na parokia. Tuwatembelee wafungwa, tuwafariji waliojeruhiwa na uhalifu, na anaporudi mtu kijijini akiwa na barua ya masharti mkononi, asikute kila mlango umefungwa. Mtakatifu Stefano, aliyewaombea waliomuua, atuombee.