Shindano la tahajia Rungwe: msomaji ajiandae kabla ya mtoto

Mji wa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ikianza kupiga kwenye darasa la bati lisilo na dari, hata mwalimu mwenye sauti nzito hasikiki dawati la tatu. Kwa hiyo anayejitolea kusoma maneno katika shindano la tahajia la watoto wilayani Rungwe ajue kwanza wakati wa kunyamaza. Mvua ikishika, weka karatasi chini, waache watoto wapumzike, subiri. Neno lililosikika nusu halimpimi mtoto.

Wengi wakiombwa kusaidia shindano la namna hii hufikiria zawadi, cheti, majaji na mgeni rasmi. Hayo yote yana nafasi yake, lakini anayelibeba shindano ni yule anayetamka maneno. Marekani, ambako shindano la kitaifa la tahajia lilianza mwaka 1925, msomaji mkuu tangu mwaka 2003 ni Jacques Bailly, profesa wa Kigiriki na Kilatini cha kale, ambaye mwenyewe aliibuka bingwa wa shindano hilo mwaka 1980. Wenzetu waliona kwamba kazi ya kutamka tu inamtaka mtu aliyebobea katika lugha. Mtoto pale mbele anaruhusiwa kuomba neno lirudiwe, kuomba maana yake, kuomba asili yake, na kuomba litumike katika sentensi.

Kwetu uzito wa msomaji ni mkubwa zaidi. Kiingereza kina herufi nyingi zisizotamkwa, hivyo mtoto wa huko hupimwa kumbukumbu. Kiswahili sanifu, kilichoanza kupangwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930 kwa msingi wa Kiunguja, huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto wetu hupimwa sikio. Msomaji akisema "feza", mtoto ataandika feza, na atakuwa ameandika sawasawa kile alichopewa. Aliyekosea hapo ni mtu mzima, lakini alama inakatwa kwenye daftari la mtoto.

Rungwe ina jambo lake la ziada. Watoto wengi wa vijijini, kwenye migomba na mashamba ya chai, huanza shule wakizungumza Kinyakyusa. Ni lugha yenye irabu saba, ndefu na fupi, wakati Kiswahili kina irabu tano. Haina r ya asili, wala z, wala dh, wala th. Na g yake hutamkwa karibu na gh. Sasa msomee mtoto huyo neno "ghali", kisha msomee "gari". Kwa mtu wa pwani hayo ni maneno mawili yaliyo mbali kabisa. Kwa mtoto aliyelelewa na bibi yake kijijini, yanaweza kuingia sikioni kama neno moja. Vivyo hivyo kalamu na karamu, mahali na mahari, kula na kura. Mwenzake wa Tukuyu mjini, kando ya barabara kuu ya Mbeya kwenda Kyela, amesikia Kiswahili tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Kuwaweka wawili hao kwenye benchi moja na kuwasomea harakaharaka ni kupima mahali walipozaliwa.

Simaanishi kwamba Kinyakyusa ni kikwazo. Wamoravian walipofungua misheni yao Rungwe mwaka 1891, lugha hiyo iliandikwa na kusomwa, na mpaka leo mtoto anayeijua vizuri ana sikio lililozoea tofauti ambazo sisi wengine hatuzisikii. Kinachotakiwa ni msomaji kulipa sikio hilo nafasi.

Katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji, nilisoma maneno Jumamosi moja kwa watoto wa darasa la tatu na la nne. Kila mtoto alikuwa na karatasi na penseli. Tulikuwa tumekubaliana na walimu kwamba kila neno litasomwa peke yake, kisha ndani ya sentensi, kisha peke yake tena. Nilipofika kwenye "mahari", binti mmoja wa nyuma aliandika, akatazama dari, akanyoosha mkono. "Mwalimu, naomba tena sentensi." Nikamwambia: mjomba amepeleka mahari kwa wakwe. Akachukua ufutio, akafuta herufi moja, akaandika upya, akatulia. Alikuwa amepata. Nilifurahi sana, kwa sababu hakubahatisha: alijua anachotafuta, na alijua ana haki ya kukiomba.

Karatasi ninaisisitiza. Mtindo wa kumsimamisha mtoto mbele ya umati ataje herufi mojamoja unapendeza kwenye televisheni, lakini watoto wetu wa madarasa ya chini hufundishwa kwa sauti za herufi na silabi, ba be bi bo bu, na majina ya herufi huja baadaye. Imla ndiyo wanayoijua. Tena kwenye imla hakuna anayetolewa mapema akae pembeni akilia. Wote huandika maneno yote, na mwisho kila neno huandikwa ubaoni, wakajisahihisha.

Kazi kama hii haikuanza leo. Mpango wa Uwezo, uliofuata mfano wa tathmini ya ASER ya India, ulitumia watu wa kujitolea kutoka vijiji vyenyewe kwenda nyumba kwa nyumba kuwapima watoto silabi, maneno, aya na hadithi. Ripoti ya Tanzania ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa katika watoto kumi wa darasa la tatu, watatu tu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Takwimu ile iliamsha mjadala mkubwa nchini, na iliyoikusanya ni mikono ya wanakijiji waliofundishwa namna ya kuuliza na kusubiri jibu.

Miezi mizuri kwa Rungwe ni Julai hadi Septemba, shule zikiwa zimefunguliwa na mvua imepungua. Wilaya ina Chuo cha Ualimu Tukuyu na Chuo cha Ualimu Mpuguso, ina walimu wastaafu karibu kila kata, na ina vijana waliomaliza sekondari wako nyumbani. Ewe uliye miongoni mwao, nenda kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nawe, umwombe Jumamosi moja, na umwache amtaarifu Afisa Elimu Kata. Usikae na watoto peke yako; awepo mwalimu wao. Andaa maneno yako wiki nzima kabla, kila moja na sentensi yake, uyasome kwa sauti mbele ya mtu mwingine aandike anachosikia. Akiandika kisicho sahihi, rudia mazoezi wewe, kabla hujamfikia mtoto.